Wazee na vijana wa sinema ya Kongo: nani anauliza swali ambalo wanasiasa wanalikimbia?

Kila mara filamu ya Kongo inapopata zawadi huko Ulaya, mabishano yaleyale yanarudi Goma, Bukavu, Kisangani na Kinshasa. Wenye umri wanasema watengenezaji filamu wa zamani walikuwa na wazo: walizungumza juu ya uhuru, juu ya heshima ya Mwafrika, juu ya Lumumba. Vijana wa leo, kwa maoni yao, wanabeba kamera na kufuata matope, vilema na wajane, kisha wanaenda kuonyesha aibu ya inchi mbele ya wazungu. Hawana msimamo. Hawasemi inchi iende wapi.

Malalamiko hayo si ya kuchekwa. Mama aliyelala miaka miwili chini ya shitingi, akipigwa picha na kila mgeni anayeshuka kwenye gari jeupe, ana haki ya kuuliza picha hizo zinamletea nini. Lakini wanaolalamika wanachanganya mambo mawili. Kukosa hotuba si kukosa wazo. Na katika inchi ambayo watu wamekimbia mara tatu, mara nne, nyuma yao maneno mazuri yakipigwa kwa spika, huenda mtu anayeuliza maswali madogo amebeba wazo kubwa kuliko mtu wa jukwaani.

Wazee walifanya nini

Kizazi cha kwanza kinastahili heshima yake. Mwezé Ngangura, mtoto wa Bukavu aliyezaliwa mwaka 1950, alikwenda kusoma sinema Ubelgiji na akarudi na filamu ambazo watu wa hapa walizicheka kwa sababu walijiona ndani yake. Katika "La Vie est belle" ya mwaka 1987, aliyoitengeneza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, Papa Wemba ni kijana wa kijijini anayefika Kinshasa kutafuta bahati ya muziki na kuishia kuwa boyi katika nyumba ya tajiri. Huo ulikuwa wakati wa Mobutu na chama kimoja. Filamu haikumshambulia mtu. Ilionyesha tu jinsi mji mkubwa unavyoishi kwa ujanja, kila mmoja akijitafutia. Miaka kumi na moja baadaye, "Pièces d'identités" ilimtuma mfalme mzee Brussels kumtafuta binti yake, na mfalme akagundua kwamba heshima ya kiti chake haifungui milango huko. Filamu hiyo ilipata zawadi kubwa ya FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1999.

Balufu Bakupa-Kanyinda alikuwa mkali zaidi. Katika filamu yake fupi ya mwaka 1996, "Le Damier", rais asiyepata usingizi anaita mtu wa mtaani, bingwa wa mchezo wa dama, aje acheze naye usiku. Sheria ya mchezo ni kwamba wachezaji wanatukanana. Rais aliyezoea kusifiwa asubuhi na jioni anajikuta anaporomoshewa matusi na raia mwenye njaa. Mtu aliyekulia chini ya picha ya Mobutu hahitaji kuelezwa kwa nini filamu hiyo iliwachoma watu.

Kisha akaja Raoul Peck. Yeye ni mtu wa Haiti, lakini alikulia Kinshasa, ambako wazazi wake walifika baada ya uhuru. Filamu yake "Lumumba", ya mwaka 2000, haikuweza hata kupigwa ndani ya Kongo, kwa kuwa vita vilikuwa vinawaka. Lakini kwa vijana wengi imekuwa kama kitabu cha historia ambacho shule haikuwapa.

Ukiiangalia tena filamu hiyo leo, unaona jambo ambalo mashabiki wake wanalipita haraka. Uhuru ulitangazwa tarehe 30 Juni 1960. Siku hiyo jeshi, Force publique, halikuwa na afisa hata mmoja Mkongo. Wote walikuwa Wabelgiji. Siku tano baadaye askari wakaasi. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa. Wazo la uhuru lilikuwa la haki kabisa, na waliolizuia lisiive walikuwa wengi, Wabelgiji wa kwanza. Lakini ukweli unabaki: wazo liliondolewa motoni kabla ya wakati, na raia ndiye aliyelila. Bugali mbichi hujaza sahani kama ule ulioiva. Tumbo ndilo linalojua tofauti.

Wazee wa sinema walifundisha watu kumcheka mkubwa na kumlilia shujaa. Yote mawili ni mazuri. Jambo ambalo hawakulionyesha sana ni kile kinachotokea kati ya neno na sahani.

Maneno yaliyovaa nguo nzuri

Kongo haijawahi kukosa mawazo makubwa ya siasa. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatakuwa mali ya wananchi. Nani angepinga? Mali ya inchi irudi kwa wenye inchi. Lakini hakuna aliyesema nani atapewa duka, atanunua bidhaa kwa mkopo gani, na akishindwa nini kitafuata. Maduka yakaenda kwa watu wa karibu na wakubwa, wakauza kilichokuwa ndani, na rafu zikabaki tupu. Kulikuwa pia na "Objectif 80", ahadi ya kwamba kufikia mwaka 1980 Zaire itakuwa imefika mbali. Mwaka 1980 ulifika. Zaire haikufika.

Mashariki ya inchi, maneno yalikuja na bunduki. AFDL ilifika mwaka 1996 na neno ukombozi ndani ya jina lake. RCD ilifika mwaka 1998 na neno demokrasia. CNDP ilijiita mlinzi wa raia. M23 ilichukua jina lake kutoka tarehe ya mkataba, 23 Machi 2009, yaani jina lake lenyewe ni ahadi iliyodaiwa haikutimizwa. Na upande wa serikali, état de siège ilitangazwa Mei 2021 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri kwa siku 30. Siku 30 hizo zikaongezwa, zikaongezwa tena, mpaka watu wakaacha kuhesabu.

Ukombozi, demokrasia, ulinzi, usalama. Hakuna neno baya hapo. Familia zilizotoka Rutshuru, Masisi au Nyiragongo zikiwa na godoro moja na bidoni mbili hazikukimbia maneno mabaya. Zilikimbia maneno mazuri ambayo hakuna aliyeyauliza: lini, kwa njia gani, nani analipa, na nani atajibu mambo yakiharibika.

Vijana na maswali madogo

Hapo ndipo kazi ya Dieudo Hamadi inapopata maana yake. Alizaliwa Kisangani mwaka 1984, akaanza masomo ya udaktari kabla ya kushika kamera. Moja ya kazi zake za mwanzo, "Dames en attente", aliyoitengeneza na Divita Wa Lusala, ilitoka mwaka 2010 katika mkusanyo ulioandaliwa na Djo Munga, yule aliyetengeneza "Viva Riva!". Inaonyesha wanawake waliojifungua salama katika hospitali ya Kinshasa lakini hawaruhusiwi kurudi nyumbani, kwa sababu hawajalipa. Filamu haihitaji hotuba juu ya haki za mwanamke. Deni lililo mezani linatosha.

Mwaka 2023 serikali ilianzisha mpango wa kujifungua bure, kwa kuanzia Kinshasa. Ni mpango mzuri, na mama aliyezuiliwa hospitalini asingeweza kuukataa. Lakini mtu aliyeiona filamu ile anajua cha kuuliza baada ya kupiga makofi: muuguzi atalipwa na nani mwisho wa mwezi, na dawa zikiisha nani atanunua nyingine? Maswali hayo hayapingi mpango. Ndiyo yanayoweza kuuokoa. Masomo ya bure katika shule za msingi, yaliyoanza mwaka 2019, yalijaza madarasa kwa haraka, na walimu wengi wakaendelea kufundisha bila jina lao kuwa kwenye orodha ya mishahara. Wazo lilikuwa la kweli, lakini halikuwa limeisha kupikwa.

Katika "Atalaku" ya mwaka 2013, Hamadi anamfuata mchungaji mmoja asiye na kitu, ambaye wakati wa uchaguzi wa 2011 anageuka mpiga kelele wa mgombea ubunge. Anamtafutia wanamuziki na watu wa kushangilia, na anaeneza jina lake mtaani. Mwaka huo wagombea zaidi ya 18,000 walitafuta viti 500 vya bunge. Filamu haisemi kwamba demokrasia ni uongo. Inaonyesha bei yake mtaani, siku kwa siku, franka kwa franka. Anayeitazama hawezi tena kuona umati wenye tisheti mpya na kuamini kwamba wote walikuja kwa ajili ya wazo.

"Examen d'État" ya mwaka 2014 inarudi Kisangani, kwa wanafunzi waliofukuzwa shuleni kwa kukosa pesa za walimu. Wanakwenda kuishi pamoja katika nyumba moja kujiandalia mtihani wa taifa wenyewe. Nao "Maman Colonelle" ya mwaka 2017 inamfuata Honorine Munyole, kanali wa polisi anayelinda watoto na wanawake waliobakwa, anapohamishwa kutoka Bukavu hadi Kisangani na kukuta watu waliosahauliwa tangu vita vya siku sita.

Je, watu hao ni aibu ya inchi? Wanaosema hivyo wajiulize aibu ni ya nani: ya mwanafunzi anayesomea usiku kwa mwanga wa tochi, au ya waliopewa kazi ya kulipa mwalimu wake?

Lakini bila ndoto nani ataamka?

Kuna pingamizi moja lenye nguvu, na halitoki kwa wazee peke yao. Linatoka kwa vijana wa harakati. Wanasema: ukisubiri wazo liive kabisa, utazeeka ukisubiri. Mwaka 1960 hakuna aliyekuwa na mpango kamili, na bado uhuru ulikuwa wa lazima. Mtu akiulizwa "lini na kwa pesa gani" kabla ya kupiga hatua ya kwanza, hatapiga hatua yoyote. Na wenye mamlaka wanapenda sana raia mwenye maswali mengi na miguu mizito.

Pingamizi hilo lina ukweli, na Hamadi mwenyewe hakulikwepa. "Kinshasa Makambo" ya mwaka 2018 inawafuata vijana watatu katika miaka ambayo watu waliandamana kudai Rais Joseph Kabila aondoke baada ya muda wake kwisha, tarehe 19 Desemba 2016. Wanaingia barabarani mahali risasi zinalia. Kamera iko nao na haiwadharau. Ujasiri wao ni wa kweli, na bila watu kama wao huenda uchaguzi wa 30 Desemba 2018 usingefanyika.

Lakini filamu hiyohiyo inaonyesha kile kilichowatesa kuliko polisi. Wanabishana wao kwa wao: waungane na chama kikubwa cha upinzani na mzee wake, au wasimame peke yao? Mazungumzo bado yana maana, au barabara ndiyo njia pekee? Wote walijua nani aondoke. Nini kifuate, hawakukubaliana. Na pengo hilo halikubaki tupu. Mwaka 2019 rais mpya aliingia, na upande wake ukatawala kwa muungano na upande wa yule aliyeondoka, hadi mwisho wa 2020. Waliokufa barabarani hawakuulizwa kuhusu muungano huo.

Kwa hiyo jibu kwa vijana wa harakati si "msiote". Ndoto ya nusu haibaki nusu. Wengine wanakuja kuimaliza, na wanaimalizia wanavyotaka wao.

Kisangani: ndoto yenye orodha

Mfano bora wa ndoto iliyotafutiwa miguu uko katika "En route pour le milliard", filamu ya Hamadi iliyochaguliwa kwenye orodha rasmi ya Cannes mwaka 2020, mwaka ambao tamasha lilivurugwa na Korona.

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani, mji ambao haukuwa wa mmoja wao. Mamia ya raia waliuawa. Wengine walibaki bila mguu, bila mkono. Karibu miaka ishirini baadaye, kikundi cha walionusurika kilipanda mashua kushuka mto, zaidi ya kilometa 1,700, wakiwa na magongo na viungo bandia, chini ya mvua, kwenda Kinshasa kudai malipo.

Watu hao hawakwenda kudai haki kwa jina lake tu. Walikuwa na chama, wanachama waliojulikana kwa majina, majeraha yanayoonekana, tarehe, na wanayemdai. Kinshasa haikuwapokea vizuri. Filamu inawaonyesha wakipiga kelele nje ya bunge. Lakini dai lao lilikuwa limeiva. Mtu angeweza kulikubali au kulikataa, lakini hakuweza kusema halieleweki.

Na sehemu ya dai hilo ilisikika mbali. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko La Haye, ilikuwa imesema mwaka 2005 kwamba Uganda ina hatia. Tarehe 9 Februari 2022 iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, katika mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Kati ya pesa hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya madhara kwa watu.

Hapo shangwe inapaswa kungoja kidogo. Pesa za kwanza zilikuja, na mfuko wa serikali unaoitwa FRIVAO ukapewa kazi ya kuzigawa kutoka Kisangani. Mwaka 2025 mahakama ya juu mjini Kinshasa ilimhukumu waziri wa zamani wa sheria katika kesi ya mamilioni ya dola yaliyotoka katika mfuko huo kwa jina la kujenga gereza Kisangani. Yeye alikana kosa. Lakini mwathirika mwenye mguu mmoja ana swali rahisi: hata kama gereza lingejengwa vizuri kabisa, nani alimwambia mtu kwamba gereza ndilo dawa ya mguu wake?

Kwa hiyo hata wazo lililoiva linahitaji mlinzi mpaka lifike sahanini. Sinema haiwezi kuwa mlinzi huyo peke yake. Inachoweza ni kuacha nyuso za wadai mahali ambapo hakuna atakayesema hakuwaona.

Deni la vijana

Kuna lawama moja ambayo vijana wa sinema hawawezi kuikwepa. Filamu hizi zinafika Paris, Berlin na Amsterdam kabla ya kufika kwa watu waliomo ndani yake au kwa jirani zao. Kumbi za sinema za zamani mijini zimegeuka makanisa na maghala. Mwaka 1987 watu walijipanga kumwona Papa Wemba kwenye skrini kubwa. Leo mtoto wa kambini anaweza kuona filamu ya Nigeria kwenye simu ya jirani lakini asijue kwamba kuna filamu nzima juu ya watu wa Kisangani.

Wako waliojaribu kuziba pengo hilo. Petna Ndaliko Katondolo, kupitia Yole!Africa mjini Goma, alifundisha vijana kushika kamera na akaleta tamasha la filamu katika mji ambao wageni waliujua kwa volkano na vita tu. Kazi kama hiyo ndiyo inayopima kama filamu ni ya watu au ni juu ya watu. Filamu inayouliza maswali mazuri mbele ya wasioulizwa chochote inafanana kidogo na hotuba ya mwanasiasa: haijafika inakodai kwenda. Ahadi ni deni, hata kwa mwenye kamera.

Kwa hiyo mabishano ya wazee na vijana yangefaa kubadilika kidogo. Wazee walimpa raia kicheko na shujaa, na hakuna sababu ya kuvitupa. Vijana wameongeza subira ya kukaa mezani mpaka deni lihesabiwe. Inchi ina kiu ya vyote viwili.

Na neno jipya litakuja, hakuna shaka. Litakuja kwa redio, kwa bendera au kwa wimbo. Litaitwa amani, au mapatano, au kurudi nyumbani. Familia zilizohama zina haki ya kulitamani kuliko mtu yeyote. Zina haki pia ya kulipokea jinsi wale wa Kisangani walivyobeba dai lao, zikiuliza kabla ya kufunga godoro: barabara inafunguliwa siku gani, nani analinda kijiji usiku, nyumba iliyochomwa inalipwa na nani, na yasipofanyika, jina la wa kuulizwa ni lipi.